Nilivyompoteza Shangazi Mjini Panama

Wenzangu wa Mohoro na Kibiti, mmeniuliza sana yaliyotokea, na wengine hamkuuliza, mmecheka tu. Juzi nimesimama pale Bungu kununua korosho, na muuzaji, mtu ambaye simjui wala hanijui, akanitazama sana kisha akasema, "We si yule mtoto aliyepotea Panama?" Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Nikajua habari imenitangulia, na aliyeitanguliza ni Shangazi Mwanahawa, na ameisimulia anavyojua yeye. Basi nami nimekaa niandike ya kwangu. Msitegemee kwamba humu nitaonekana na akili zaidi. Nimejaribu, imeshindikana.

Kwa asiyetujua: Shangazi Mwanahawa ni mdogo wake baba. Ndiye kiongozi wa kina mama wanaootesha miche ya mikoko kule Delta ya Rufiji. Mimi, Shamte, ni katibu wa kikundi hicho hicho, na kazi yangu kubwa ni kuzungumza Kiingereza wakija wageni. Walikuja wageni, wakapenda walichokiona, wakatualika watu wawili tuende Panama kukutana na wengine wanaoishi na mikoko kama sisi. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo.

Siku ya kuondoka baba aliniita pembeni. "Shamte," akasema, "huyo ndiye dada pekee niliyebaki naye. Ukirudi bila yeye, ukifika njia panda ya kuingia Mohoro usiingie. Pitiliza na gari, ufike Lindi, ukae huko huko."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anakwenda na mimi.

Mohoro hadi Dar

Nilivaa suti. Sijui nani alinidanganya kwamba mtu akipanda ndege huvaa suti kuanzia mlangoni kwake. Mvua ilikuwa imenyesha, na kabla hatujafika Nyamwage gari likazama kwenye tope hadi tumbo. Shangazi alibaki ndani kwa sababu amepakata mikate ya kumimina. Mimi nikateremka na suti yangu.

Watu waliokuwa wanatoka mashambani na majembe walikuja kusaidia. Mmoja akaniuliza tunakwenda wapi.

"Panama," nikasema.

"Iko upande gani wa Somanga?"

Nikaona nafasi ya kutoa elimu. Nikamweleza habari ya mabara mawili na bahari mbili, na ule mfereji uliochimbwa katikati ili meli zipite, na jinsi meli kubwa kama mtaa mzima inavyoingizwa kwenye birika la maji na kupandishwa juu taratibu, na kwamba nitairekodi kwenye simu yangu niwaletee. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Sasa na wewe sukuma."

Nikasukuma. Gurudumu likazunguka, tope likaruka, na suti ikaisha pale pale. Nilipita Ikwiriri, nikavuka daraja la Rufiji, nikapita Kibiti mpaka Dar nikiwa nimevaa fulana ya dereva yenye tangazo la sabuni. Nyie mlionipungia mkono pale Kibiti mkadhani nimekataa kuwasalimu, sikukataa. Nilikuwa nimeinama nijifiche.

Angani

Kwenye ndege nilimweleza Shangazi kila kitu, japo na mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilimwonyesha kitufe cha kuwasha taa. Nikakibonyeza, taa haikuwaka, akaja mhudumu. Nikamwambia hakuna shida. Nikabonyeza tena, akaja tena. Mara ya tatu alikuja bila kutabasamu, na Shangazi akamwambia kwa Kiswahili, "Msamehe mwanangu, ametoka shamba."

Istanbul, tulikobadilishia ndege, tulikwama kwa sababu ya ukungu. Watu walilala sakafuni, watoto wakalia, mimi nikazunguka na pasi zetu mkononi nikimuuliza kila aliyevaa sare. Kurudi, nikamkuta Shangazi amekaa katikati ya wanawake wa nchi nisizozijua, anakata mkate wa kumimina na kuwagawia. Aliniangalia nilivyokuwa nahema, akanyoosha mkono.

"Lete pasi hizo. Zote mbili. Utaziangusha."

Akazifunga kwenye kibindo cha kanga yake. Kuanzia hapo mimi sikuwa tena msafiri. Nilikuwa mzigo wa Shangazi. Kitu pekee nilichoaminiwa ni dawa zake za sukari, maana mkoba wake ulikuwa umekatika mkanda. Nikaziweka kwenye begi langu dogo la begani na kuapa kwamba haliniachi.

Kanali

Mkutano wenyewe sitauelezea. Ulikwenda vizuri, Shangazi alizungumza na watu wakapiga makofi, mimi nikatafsiri na wakapiga makofi kidogo. Watu wote waliondoka usiku wa siku ya mwisho isipokuwa sisi, ambao ndege yetu ilikuwa jioni ya kesho yake. Tukawa na siku moja ya kuutazama mji. Gari la kutupeleka uwanjani lingekuja hotelini saa tisa alasiri.

Mimi nilitaka mfereji. Shangazi, tangu siku tulipopita na gari kando ya bahari akaona soko la samaki, alitaka soko la samaki.

"Shangazi, samaki umewaona maisha yako yote."

"Ndiyo maana nikiwaona nawafahamu. Huo mtaro wako nitaufahamu nini?"

"Huwezi kufika Panama usione mfereji. Ni sawa na kufika Makka usiione Kaaba."

"Astaghfirullah! Na mdomo wako huo."

Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyevumilia kwa muda mrefu, "Hivi huyo Kanali wanayemtaja kila siku ni nani? Mkutano mzima Kanali, Kanali. Ndiye mwenyeji wetu? Mbona hajaja kutusalimu?"

Ndipo nikagundua kwamba wenyeji wakitaja mfereji kwa Kihispania chao, wanasema neno linalosikika kama kanali wa jeshi. Siku zote zile Shangazi alikuwa akimsubiri mwanajeshi. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nilicheka sana, wenzangu, na ningejua yanayonisubiri ningecheka kwa kiasi.

Tukakubaliana: asubuhi mfereji, mchana soko la samaki, saa nane tuwe hotelini. Pale mapokezi walitaka kutupa mtu wa kutuongoza. Nikakataa. Nikamwambia yule dada wa mapokezi kwamba mtu aliyezoea vijito vya Delta ya Rufiji hapotei mjini.

Treni

Mjini Panama kuna treni inayopita chini ya ardhi. Ni safi, ina baridi, na milango yake haimsubiri mtu. Tulishuka ngazi za umeme, Shangazi amenishika mkono, ushungi wake umetulia, na shingoni bado amening'iniza kile kitambulisho cha mkutano chenye jina lake na jina la hoteli. Nilimwambia akivue, mkutano umekwisha, tunaonekana washamba. Akasema hakivui, kizuri, kina picha yake.

Treni ikaja. Nikamwambia Shangazi asubiri kidogo, niingie kwanza nitazame ile ramani iliyobandikwa ndani juu ya mlango, nihakikishe ni yenyewe. Nikaingia. Nikatazama ramani. Mlango ukajifunga.

Tukatazamana kupitia kioo. Nikamwonyesha kiganja, nikikishusha na kukiinua, kwa maana ya "tulia hapo hapo, usiondoke." Ninyi ni watu wa pwani, hamna haja ya kuelezwa mkono wa namna hiyo kwetu maana yake nini. Maana yake ni "njoo." Niliupunga kwa nguvu zangu zote. Treni ilipoanza kuondoka nilimwona Shangazi akiitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa vizuri.

Nikashuka kituo kilichofuata, nikavuka upande wa pili, nikarudi. Pale nilipomwacha palikuwa na mwanamume mmoja amesimama anakula mkate. Shangazi hayupo. Alikuwa ameitikia wito, amepanda treni iliyofuata kunifuata, na bila shaka tulipishana chini ya ardhi, yeye anakwenda na mimi narudi.

Kwanza nilikasirika. Halafu nikakumbuka kwamba begi langu lina dawa zake. Halafu nikakumbuka kwamba kibindo chake kina pasi yangu. Halafu nikamkumbuka baba. Simu yake, kitochi kisicho na kamera, haikuwa na laini ya huko, na yangu ilifanya kazi kwenye intaneti ya hoteli tu. Mtu mwenye akili angerudi hotelini akauliza. Lakini pale mapokezi nilishajigamba, na sikuwa na uso wa kurudi nao.

Nikafikiri: Shangazi akijikuta peke yake, atakwenda wapi? Atakwenda anakotaka yeye. Soko la samaki. Nikapanda treni tena.

Kaka

Kutoka kituoni hadi soko la samaki ni mwendo wa mguu, na mimi niliukimbia. Joto la Panama ni la kwetu kabisa, lile la kubana pumzi mvua ikikaribia. Nilipofika kwenye njia panda sikujua nishike upande gani. Kichomi kikanibana, nikainama, nikashika tumbo. Mbele yangu alikuwa amekaa mzee mmoja kwenye kiti, anauza tiketi za bahati nasibu alizozipanga kwenye ubao. Sura yake ilikuwa ya huruma. Nikamwendea.

"Kaka," nikasema, maana Kiingereza chote kilikuwa kimenitoka. "Kaka, samahani. Kaka!"

Mzee akanitazama usoni, akatazama mkono wangu ulioshika tumbo. Macho yakamtoka. Akaacha tiketi zake zote, akanishika kiwiko, akanikokota hadi mkahawani jirani huku akipaza sauti. Watu wakapisha. Mama aliyekuwa kwenye kaunta akaonyesha nyuma. Mtu mwingine akanisukumia karatasi mkononi. Nami, nikiona jinsi wanavyohangaika, nikajua wameelewa shida yangu, wananipeleka kwa mkubwa wao au kwenye simu. "Ahsante, kaka," nikazidi kusema. "Ahsante sana, kaka." Kila nilipoitamka wakazidi kunikimbiza.

Wakanifungia chooni.

Nilisimama mle ndani na karatasi yangu nikitazama ukuta. Sikuelewa kitu. Nilichofahamu ni kwamba nje kuna watu walioacha shughuli zao kwa ajili yangu, na kutoka haraka ingekuwa kuwavunjia heshima. Nikasubiri kidogo. Nikavuta maji. Nilipotoka, mzee alinipiga bega, na meza moja ikanipigia makofi.

Maana ya neno hilo nilikuja kuelezwa baadaye. Kwa Kihispania ndilo neno ambalo mtoto mdogo humwambia mama yake anapobanwa na haja kubwa. Mtu mzima mwenye mvi, ameshika tumbo, anamlilia mpita njia kwa neno hilo katikati ya mji mkuu. Mungu awape wema watu wa Panama. Hakuna hata mmoja aliyenicheka mbele yangu.

Soko la samaki

Soko liko ukingoni mwa bahari, na maji yalikuwa yametoka. Tope jeusi limelala wazi, mashua zimeegemea ubavu, ndege wakubwa wenye midomo kama mifuko wanasubiri matumbo ya samaki. Harufu ile nilipoinusa nilitaka kukaa chini. Ilikuwa Delta. Nimekwenda upande wa pili wa dunia, na tope linanuka nyumbani.

Nilizunguka kila meza. Niliangalia kila mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani. Shangazi hayupo. Nikazunguka tena, na mara ya tatu wauzaji wakaanza kunitazama kama mwizi anayepanga.

Nje, mahali wanapopika, mama mmoja mweusi kama mimi aliniita kwa Kiingereza. Jina lake Yolanda. Babu yake, aliniambia, aliletwa na meli kutoka visiwa vya jirani wanakosema Kiingereza kuja kuchimba mfereji, ndiyo maana kwao Kiingereza hakikufa.

"Umepoteza nini wewe?" akaniuliza.

"Shangazi yangu."

"Ana umri gani?"

"Amepita sitini, na anaumwa sukari."

"Na mwenye dawa zake?"

"Ni mimi."

"Na anajua Kihispania?"

"Hajui."

"Wewe unajua?"

Nikamsimulia habari ya mzee wa tiketi. Yolanda akaweka mwiko chini, akajishika kwenye nguzo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni, na hapo ndipo akanieleza lile neno. Kisha uso ukabadilika. Akaniuliza tumefikia hoteli gani. Nilikuwa na kadi ya mlango mfukoni, ina jina na namba ya simu. Akaichukua, akapiga. Simu ya hoteli ilikuwa inatumika.

"Kaa," akasema. "Kula wakati nasubiri. Unataka nini?"

Sikuwa na hamu ya kula. Lakini kwenye ubao wake kulikuwa na neno moja nililolisoma bila msaada wa mtu: PAPAS. Nikajisikia fahari kidogo, ya kwanza siku ile. Mimi ni mtu wa Delta. Papa namjua akiwa mbichi, mkavu na wa nazi. Nikaonyesha kwa kidole. "Papa," nikasema. "Kipande kikubwa, cha mgongoni."

Akaniletea chipsi.

Nikamwambia hapana, mimi nimeagiza papa. Akasema ndizo hizi. Nikasema papa, samaki, yule mkali, maana jina lake la Kiingereza lilikuwa limenipotea. Hakuelewa. Basi nikasimama, nikaweka kiganja wima juu ya kichwa kama pezi, nikaonyesha meno, nikaogelea kidogo kati ya meza mbili. Wapishi wote waliacha kupika. Kumbe kwao papa ni kiazi. Nilirudi kwenye kiti changu nikala viazi vyangu kimya kimya.

Labda alinionea huruma, maana alinisogezea na sahani nyingine bila kuuliza. Wenzangu, ulikuwa wali. Wali wa nazi, na mbaazi ndani yake. Nilitia kijiko kimoja mdomoni. Akilini nilimwona Shangazi mahali fulani mjini amekaa ukingoni mwa barabara, sukari imempanda au imemshuka, anaita jina langu na watu wanapita. Niliona jinsi nitakavyosimama pale uani kwetu mbele ya baba, na sentensi ya kwanza sikuipata. Nikaweka kijiko.

Simu ikapokelewa. Yolanda akazungumza kwa muda, akasikiliza, akanitazama, akazungumza tena.

"Unaitwa Shamte?"

"Ndiyo."

"Shamte mtoto?"

"Mtoto kivipi?"

"Walinzi wa mfereji wamepiga hotelini. Wanamtafuta mtoto mdogo anaitwa Shamte. Mama yake yuko pale, analia. Wamemtangaza kwenye vipaza sauti, watalii wanainama kumtafuta chini ya viti."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Nilikaa tu na mikono kichwani. Shangazi alikuwa hai. Na alikuwa mferejini. Yeye naye alikuwa amekaa kwenye treni akafikiri: Shamte akijikuta peke yake, atakwenda wapi?

Yolanda aliwaambia hotelini kwamba mtoto amepatikana soko la samaki, ameogelea kati ya meza, amekula, ana mvi, na anarudi sasa hivi. Akanifungia wali wangu kwenye kopo, akakataa nilipoingiza mkono mfukoni.

"Mpe shangazi yako," akasema. "Na barabarani usimwite mtu yeyote yule."

Mbele ya hoteli

Niliingia teksi, na teksi ikaingia foleni. Mvua ilishuka yote kwa pamoja, kama inavyoshuka kwetu masika, na magari yakasimama. Nilipofika hotelini gari la uwanjani lilikuwa limeshapaki, dereva anapangusa kioo ambacho kilikuwa safi. Shangazi hajafika. Dada wa mapokezi akaniambia walinzi wamekubali kumleta, yuko njiani. Hakutaja kabisa habari ya vijito vya Delta, na kutotaja kwake kuliniumiza kuliko angetaja.

Nikateremsha masanduku. Nikasimama barazani. Dereva akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia dakika chache tu. Baadaye akaliwasha gari, akaliacha likinguruma. Nilianza kujipanga: ndege ikiondoka itakuwaje, pasi sina, maneno ninayoyajua ni mawili, moja ni kiazi na la pili silitamki tena.

Gari la walinzi likaingia. Mlango ukafunguliwa, akashuka Shangazi Mwanahawa, ushungi umekaa sawa, kitambulisho shingoni, mkononi ana kikombe cha barafu iliyosagwa, imemwagiwa sharubati nyekundu na maziwa mazito juu yake.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Na sukari yako!"

"Dawa si unazo wewe?" akasema, akilamba kijiko.

Alikuja mpaka nilipo. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akanipiga begani kwa kiganja, sauti ikasikika mpaka ndani. Halafu akanishika mkono. Hakuuachia. Tulipanda gari amenishika, tukafungiwa mkanda amenishika, na nilimtolea dawa kwa mkono mmoja.

Barabara ya uwanjani inakatiza juu ya maji, na pale ndipo alipoanza kuzungumza.

"Nilishuka mwisho wa treni watu wote waliposhuka. Nikamwona mama mmoja mnene kama mie, nikamwambia Kanali. Akasema Kanali! Kumbe na yeye anawapeleka wageni wake. Wakanipakia."

"Ukaiona meli?"

"Nimeiona, eeh. Ilikuja taratibu, nyekundu, juu imepangwa makasha kama maghorofa. Ikaingia kwenye birika, pembeni pamebaki hivi." Akanionyesha nafasi ya kidole. "Wakafunga milango nyuma yake. Na maji yakaanza kuipandisha, Shamte. Hakuna kelele. Inapanda tu, kama mtu anayeamka. Mabaharia wakawa wanapanda na sie tunawatazama, mpaka tukawa uso kwa uso. Mmoja akanipungia."

"Ukarekodi?"

"Na nini?"

Nikaigusa simu yangu mfukoni.

"Nilikugeukia nikwambie tazama," akasema. "Nikakuta huko kando hayupo mtu. Ndipo nikawaendea walinzi, nikataja jina lako na kuwaonyesha mikono ya kupakata mtoto."

"Wamesema ulikuwa unalia."

"Nani alie? Jua lilikuwa kali." Akatazama dirishani. "Na wewe, wamenionyesha kwa mikono, ulikuwa unaogelea sokoni."

Kiti cha dirishani

Tuliiwahi ndege, tena sisi ndio tuliokuwa wa mwisho kuingia, abiria wengine wametukazia macho. Shangazi alifungua kopo la Yolanda kabla hatujaruka. Akala kijiko, akatafuna, akasema mbaazi zimeiva lakini nazi ni ya kupunjwa, na akaula wote.

Ndege iliruka jua likizama. Mimi nilikuwa dirishani. Mji ukapita chini, maghorofa yake, soko sikulitambua, halafu tukawa juu ya bahari. Na pale baharini niliziona meli. Zimetia nanga zimetawanyika kila upande, taa zinaanza kuwaka moja moja, kila moja inangoja zamu yake ya kuingia kwenye mfereji. Kwa juu zilikuwa ndogo kama punje za mchele.

"Shangazi," nikamgusa. "Shangazi, tazama, meli!"

Alikuwa ameshafumba macho, amejifunika kanga mpaka kidevuni.

"Mie nimeziona kwa karibu," akasema. "Tazama wewe."

Nikatazama mpaka mawingu yakazifunika.